Sakafu ya marumaru imefifia na ina madoa, nianzie wapi bila kuiharibu?

Tulivu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na sakafu za mawe.

Nimehamia nyumba ambayo sebule, korido na jiko vimewekwa marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Pembezoni mwa kuta, ambako watu hawakanyagi sana, jiwe linang'aa hadi unaiona taa ya dari ndani yake. Lakini kutoka mlangoni hadi jikoni kuna njia nzima iliyofifia. Sakafuni, chini ya meza ya jikoni, kuna alama za mviringo. Ukisimama juu yake huzioni. Ukichuchumaa ukatazama kuelekea dirishani, zinajitokeza zote. Kuna pia doa la kahawia mahali ilipokuwa stendi ya chuma, na jingine jeusijeusi mbele ya jiko ambalo nadhani ni mafuta.

Nimedeki kwa sabuni, nikasuuza, hakuna kilichobadilika. Jirani ananishauri nitumie siki na maji ya moto. Fundi aliyekuja kuangalia anataka apake nta nyumba nzima. Sitaki kugusa kitu kabla sijaelewa. Nifuate lipi?

Kokoto

Siki usithubutu! Wala ndimu, wala dawa ya choo. Ngoja mafundi wa mawe waje wakueleze.

Mpenda Usafi

Mbona mnamtisha mwenzenu? Mimi nadeki kwa siki miaka yote, sakafu yangu inawaka. Labda tatizo ni kipimo.

Fundi Msasa

Mpenda Usafi, nadhani sakafu yako ni vigae vya kauri vilivyochorwa mishipa ya marumaru. Vipo vingi na vinafanana mno. Kigae hicho kina glezi juu, yaani tabaka gumu kama kioo, siki haikifanyi kitu. Marumaru halisi kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na asidi inaila.

Tulivu, hakikisha kwanza. Tafuta kona iliyofichika, nyuma ya mlango au chini ya kabati, utone tone moja la maji ya ndimu. Usikilize na uangalie kwa karibu. Vikitoka vipovu vidogo, na ukifuta pakabaki alama butu, hilo ni marumaru au jiwe la jamii yake. Kisipotokea kitu ni kigae, au graniti. Futa upesi kwa maji mengi. Ukimaliza rudi hapa, maana ushauri unategemea jibu hilo.

Tulivu

Nimefanya nyuma ya mlango wa stoo. Vipovu vimetoka, na pamebaki alama inayofanana kabisa na zile za chini ya meza!

Fundi Msasa

Basi jibu umeshalipata kwa macho yako. Zile alama za mviringo si uchafu. Ni juisi, soda, mvinyo au kitu kingine chenye asidi kilichomwagika kikakaa. Vile vipovu ni kabonidayoksaidi inayotoka jiwe linapoyeyuka. Ndiyo maana sabuni haikusaidia: hakuna cha kuondoa, uso wenyewe umeliwa. Na ukipitisha siki nyumba nzima, hata zile pembe zinazong'aa zitakuwa kama katikati.

Njia ya kutoka mlangoni ina sababu nyingine, mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs marumaru iko kwenye 3, na kwarizi, madini yaliyomo kwenye mchanga, iko kwenye 7. Kila hatua yenye chembe mbili tatu chini ya soli ni msasa. Weka zulia la kukung'utia miguu nje na jingine ndani, na fagia kwa ufagio laini kabla ya kudeki, kila mara. Ukideki bila kufagia unasugulisha mchanga kwenye jiwe.

Sasa kurudisha mng'ao. Marumaru hung'aa kwa sababu imelainishwa hadi mwanga unarudi bila kutawanyika. Kwa hiyo dawa yake ni kuilainisha upya kwa pedi za almasi na maji, kutoka namba ndogo, inayokwaruza zaidi, kwenda kubwa iliyo laini. Pitisha ukucha kwenye sehemu iliyofifia. Kama haukwami mahali, anza na 400, kisha 800, 1500 na 3000. Kama ukucha unakwama kwenye mikwaruzo, itabidi kuanzia 200 au chini ya hapo, na hiyo ni kazi ya mtu mzoefu.

Wengi wanaharibu hapa: wanaruka namba ili wamalize haraka. Kila pedi kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya pedi iliyotangulia. Ukitoka 400 ukaenda 3000, utapata sakafu inayong'aa yenye utando wa ukungu ndani yake, na hautoki mpaka urudi nyuma. Jambo la pili ni tope. Baada ya kila namba kusanya lile tope jeupe lote, suuza, suuza na pedi na ndoo. Chembe moja ya 400 ikibaki chini ya pedi ya 1500 itakuchorea duara utakaloliona kila asubuhi.

Usikubali mtu aje na grainda ya mkono kwa eneo kubwa. Inachimba mabonde, na jua likiingia kwa ubavu sakafu inaonekana ina mawimbi. Inatakiwa mashine pana ya sakafu ya mwendo wa taratibu, yenye uzito, mizunguko kama 175 kwa dakika. Jaribu kigae kimoja kilichojificha kabla ya kingine chochote. Kwa zile alama ndogo za chini ya meza, kama hazina kina, ipo poda maalumu ya kung'arishia marumaru: lowanisha iwe uji, sugua kwa pedi ya sufi, usiiache ikauke. Nyingi zina asidi kidogo ndani yake, hivyo ukimaliza suuza mpaka maji yatoke safi.

Dada wa Nyuzi

Naongezea upande wa madoa, kwa sababu hayo ni habari nyingine. Doa limeingia ndani ya jiwe, kwa hiyo unalivuta litoke badala ya kulisugua.

La mafuta: changanya bikaboneti ya soda na maji hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Paka unene wa kidole, ipite ukingo wa doa kidogo. Funika kwa nailoni, bandika kingo kwa utepe wa gundi wa karatasi, toboa vitundu vichache, uache saa 24. Kisha ondoa nailoni, uiache ikauke kabisa mpaka ipasuke yenyewe, maana ni wakati wa kukauka ndipo inapovuta mafuta juu. Kwangua kwa kitu cha plastiki. La zamani huhitaji kurudiwa, usikate tamaa likipungua nusu tu mara ya kwanza.

La kahawia ni kutu, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Dawa nyingi za kutu ni asidi, zitakula marumaru. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni salama kwa marumaru na haina asidi; zile zinazogeuka zambarau zikikutana na chuma ndizo unazotaka. Ondoa madoa yote kabla mashine haijaja, maana hata dawa hizo zinaweza kufifisha uso kidogo.

Tulivu

Nimewaelewa sana. Na ile nta ya fundi? Na baada ya kung'arisha, nideki kwa nini?

Fundi Msasa

Nta ikataeni. Inang'aa wiki za mwanzo, halafu inashika vumbi, inageuka njano, na kuivua ni kazi kuliko kuipaka. Afadhali sila, yaani dawa ya kuzuia madoa inayopenya ndani ya jiwe. Tone maji sakafuni: kama baada ya dakika 10 jiwe limekuwa jeusi chini ya tone, linakunywa, linahitaji sila. Lakini sila inazuia madoa tu. Ndimu ikimwagika bado itakula uso, kwa hiyo futa papo hapo.

Kudeki: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya pH 7 (isiyo asidi wala alkali), dekio lililokamuliwa vizuri, kisha pitia na maji matupu na ukaushe kwa kitambaa laini. Klorini kila siku hapana. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo, gesi yake inadhuru mapafu.

Kokoto

Tulivu, weka vipande vya sufi chini ya miguu ya viti leo leo, kabla ya kununua pedi yoyote.