RAM au SSD kwa seva ya Squid? Hela inatosha kimoja tu

fundi_maabara
Wakuu, salaam. Chuoni kwetu Morogoro tuna seva ya Squid kwenye maabara ya kompyuta, ile programu inayopitisha intaneti ya wote na kutunza nakala za kurasa (kache). Siku hizi inakokota mno: mwanafunzi anabofya, ukurasa unakaa sekunde tano hivi, halafu unafunguka wote kwa mpigo. Mhasibu anataka ombi la manunuzi kabla ya Ijumaa, na hela inatosha RAM ya GB 8 au SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240. Nichukue ipi?

bandari_salama
Mkuu, hapo tutapiga ramli. RAM iliyopo ni kiasi gani? Kompyuta ngapi zinapita hapo? cache_mem (RAM ya kache) ni ngapi, na mstari wa cache_dir (kache ya diski) unasomekaje? Tuwekee na mistari kadhaa ya access.log, faili la kumbukumbu za maombi.

kasi_kwanza
SSD, wala usijiulize. Kache ya Squid ni maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, diski ya kuzunguka inachoka kuvikimbilia. Mimi nilibadilisha diski, nikaweka noatime (diski isiandike muda wa kila usomaji), nikatoka ufs kwenda aufs (uandishi usioisubirisha Squid), malalamiko yakaisha.

mama_seva
Kasi, usimharakishe mwenzako. Nilikuwa nasimamia mtandao wa hosteli, nikapata diski kubwa mpya, nikaandika cache_dir ya GB 200. RAM ilikuwa GB 4. Wiki mbili za mwanzo mambo safi, maana kache ilikuwa bado tupu. Ilipoanza kujaa, kila siku ikawa nzito kuliko jana. Nikaongeza cache_mem hadi GB 1 nikidhani naisaidia, ndiyo kwanza ikazama. Usiku wa saa nane nimekaa sakafuni mbele ya mashine, taa ya diski haizimi hata kidogo, free -m inaonyesha swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikizidiwa) imejaa. Kumbe kila GB 1 ya kache ya diski inataka takriban MB 14 za RAM kwa ajili ya faharasa (orodha ya vilivyohifadhiwa), kwenye mashine ya biti 64. Kwa GB 200 hizo ni MB 2,800, bado cache_mem, bado mfumo wenyewe. Nilishusha cache_dir hadi GB 40, sikununua kitu, hosteli ikatulia. Piga hesabu hiyo kwanza, tafadhali.

fundi_maabara
Asante dada, hilo la faharasa sikulijua. RAM ni GB 4, kompyuta 40, cache_mem 512 MB. Mstari ni huu: cache_dir ufs /var/spool/squid 100000 16 256. Kwenye log, karibu yote ni TCP_TUNNEL/200 na CONNECT.

bandari_salama
Hizo 100000 ni MB, kwa hiyo ikijaa faharasa itakula kama GB 1.4. Bado unapumua. Ila hiyo CONNECT ndiyo habari yenyewe. Kwenye https Squid inaona jina la tovuti tu, kilichomo ndani kinapita kimefungwa, haihifadhi kitu. Kwa kurasa hizo RAM haisaidii kache, SSD nayo haisaidii.

mlango_wazi
Si aweke ssl_bump, Squid ifungue https yenyewe? Anatengeneza cheti chake, anakisambaza kwenye kompyuta zote, kache inarudi kazini.

mama_seva
Hapana, hapana. Wanafunzi wanaingia benki na barua pepe zao humo. Unafungua bahasha za watu ili uokoe bando?

mlango_wazi
Dada, kompyuta ni za chuo. Na benki unaweza kuziruka kwa splice, zipite bila kufunguliwa.

mama_seva
Utaziruka zile unazozijua. Usizozijua je? Na simu wanazounganisha humo nani atazitia cheti?

bandari_salama
Mngemuuliza kwanza kama hizo 40 ni Ubuntu. Hazina zake za programu kwa kawaida bado zinapita http isiyofungwa, hapo kache inafaa kweli. Ila maximum_object_size kwa kawaida ni MB 4, kifurushi kikubwa hakihifadhiwi. Ipandishe, na uiandike juu ya mstari wa cache_dir, chini yake inaweza isifanye kazi. Au weka apt-cacher-ng pembeni, kache ya vifurushi hivyo tu, bandari 3142.

jina_na_anwani
Mbona mnaziruka zile sekunde tano? dns_retransmit_interval kwa kawaida ni sekunde 5. Seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya kwanza ikiwa imekufa, Squid inasubiri hizo tano ndipo iulize ya pili. Fungua /etc/resolv.conf, angalia anwani ya juu.

fundi_maabara
Ndugu! Anwani ya juu ni ya ruta tuliyoitoa wakati wa likizo. Nimeifuta, nikaiwasha upya Squid, kurasa zinafunguka hapo hapo. Kompyuta ni Ubuntu 30, zilizobaki Windows. Ila saa nane mchana madarasa yote yakiingia bado inavuta, na swapu inasoma MB 600.

mama_seva
Swapu MB 600? RAM basi.

kasi_kwanza
Ashushe cache_dir hadi GB 30 kama ulivyofanya wewe, swapu itapungua bure. Hela ibaki ya SSD.

bandari_salama
Umeme hapo ukoje? Ukikatika ghafla Squid inajenga upya faharasa inapowaka, na diski ya kuzunguka inateseka muda mrefu.

fundi_maabara
Unakatika mara mbili tatu kwa wiki. UPS tuliyonayo inashika dakika nne.

jina_na_anwani
Dakika nne zinatosha kuizima vizuri kama UPS ina waya wa USB. Ni aina gani?