Mama mkwe anakuja tena kwa ndege: nitoke Ahero saa ngapi?

Mpunga_Ahero: Wadau hamjambo. Shida yangu ni ndogo, lakini mambo ya ukwe mnayajua. Mwezi wa nne mama mkwe alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, Nairobi hadi Kisumu, na tiketi ilisema atafika saa kumi jioni. Nikawa maegeshoni saa kumi kasoro kumi, mvua ndiyo kwanza imekatika. Ndege ikaja, ikashuka hadi nikayaona magurudumu, kisha ikanguruma ikapaa tena! Ikazunguka robo saa nzima, ikarudi na kutua kwa kishindo. Simu ikaandika "imetua", nikasimama mlangoni na tabasamu langu tayari. Dakika ishirini! Mama akatokea ameshika leso kwa mikono miwili, salamu yangu hakuijibu. Mpaka leo anasema yule rubani alikuwa mwanafunzi.

Wiki ijayo anakuja tena, mabinti zake wamemshawishi. Sasa hiyo saa ya kwenye tiketi ni ya nini hasa? Ndege hupaa tena kwa nini? Na mimi nitoke nyumbani saa ngapi?

Otonglo_Moja: Hongera, wewe mama mkwe wako hupanda ndege. Wangu nilimtumia nauli ya matatu akaila.

Mzigo_Kwanza: Nimefanya kazi za uwanjani miaka mingi, ngoja nikueleze. Saa ya tiketi si ile ya magurudumu kugusa lami. Huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Nairobi hadi inaposimama kwenye maegesho ya Kisumu. Angani kwenyewe ni kama nusu saa na kidogo, zile dakika nyingine ni za kutambaa chini na kungoja zamu ya kuruka. Ndiyo maana ndege inaweza kuchelewa kutoka na bado ikafika kwa wakati. Halafu kuna ngazi na mizigo. Na kwa watu wa ndege, kuchelewa chini ya dakika 15 huwa hakuhesabiwi kuwa kuchelewa.

Mpunga_Ahero: Mama mkwe yeye anahesabu.

Upepo_wa_Ziwa: Huyo rubani msimlaumu. Kukatiza kutua ni jambo la kawaida, wanalifanyia mazoezi tangu chuoni. Labda ndege iliyotangulia haijatoka njiani, labda ndege wenye manyoya wamevuka (hapa kwetu na ziwa hawa ni wengi), labda upepo umegeuka au mwendo haujakaa sawa. Akiona hivyo, rubani haanzi kubahatisha. Anaongeza nguvu, anapaa, anakuja upya.

Kishindo nacho kina sababu. Umesema mvua ilikuwa imekatika. Lami ikiwa na maji, ukitua kwa kubembeleza matairi yanaweza kuelea juu ya maji na breki zisishike. Kwa hiyo rubani huiweka chini kwa nguvu kusudi, matairi yapasue maji. Kutua kulaini kunapendeza abiria, lakini si ndiko kutua bora kila siku.

Ushauri wangu: mkatie ya asubuhi. Kisumu mchana jua likishachemsha nchi kavu, upepo unavuma kutoka ziwani, na ikifika alasiri mawingu na radi. Asubuhi kumetulia. Ila Nairobi nako miezi ya baridi ukungu wa alfajiri huchelewesha.

Binti_Maseno: Mwombeeni kiti karibu na bawa, huko mtikisiko ni mdogo kuliko mkiani. Awe na peremende ya masikio wakati wa kushuka. Na mwelezeni sauti mapema: "du!" chini ya miguu kabla ya kutua ni magurudumu yanatoka. Wakigusa chini injini zikivuma, hiyo ni ndege inajizuia, haipai. Nyanya yangu alitulia baada ya kuelezwa hayo tu.

Mzigo_Kwanza: Kuhusu kutoka: zile programu za simu za kufuatilia ndege hukadiria saa ya kufika kwa umbali uliobaki na mwendo wa wakati huo, kwa hiyo ndege ikizungushwa saa inabadilika. Usiingoje iruke Nairobi ndipo uwashe gari. Wewe njiani una Nyamasaria kabla ya kuingia Kisumu, una msongamano wa mjini, na uwanja uko upande wa pili wa mji, njia ya Busia. Ikiruka ukiwa bado Ahero, yeye atakusubiri wewe.

Mpunga_Ahero: Asanteni. Tumebadilisha, atafika saa mbili na nusu asubuhi, mimi natoka saa kumi na mbili na nusu. Mama anauliza kama anaweza kukaa nyuma ya rubani amwambie aende polepole.

Upepo_wa_Ziwa: Usimwambie, lakini ndege ikienda polepole mno ndipo matata huanza.

Mpunga_Ahero: Hiyo nimeisoma peke yangu, na simu nimeificha.