Mahindi na mtama kwenye viwanja vitupu Dodoma: yafyekwe?

Mleta mada
Wakuu, habari za mchana. Kwenye mkutano wa mtaa wetu juzi lilitoka pendekezo kwamba mazao yote marefu kwenye viwanja visivyojengwa yafyekwe kabla hayajabeba, na atakayepanda tena msimu ujao alipe faini. Sababu zilizotolewa: vibaka wanajificha humo, mbu wanazaliana, na makao makuu ya nchi hayafai kuonekana kama shamba. Kura haikupigwa, tumeambiwa tukajadiliane kwanza. Nalileta hapa kwa sababu najua si mtaa wetu peke yake.

Mimi napinga. Jirani na kwangu kuna viwanja vitatu vimefuatana, havina hata msingi. Wenyewe wako Dar, walinunua baada ya serikali kutangaza kuhamia huku 2016, bei ikapanda, wakangoja ipande zaidi. Asingekuwepo bibi anayevilima, saa hizi vingekuwa majani hadi kiunoni, mifuko ya taka na nyoka. Bibi kapanda mtama, chini yake kunde na maboga, na pembeni mlenda unajiotea wenyewe. Mvua zikishika vizuri haichukui muda anaanza kuchuma majani. Mengine anayaanika kwenye turubai, anayatwanga, anauza kwa kikombe. Huo mlenda mkavu mnaousifia kwa mama lishe, ule wa karanga, unatoka sehemu kama hizo.

Halafu kuna jambo linanikera. Kila mwaka tunahimizwa kwamba Dodoma ni nusu jangwa, mvua ni milimita 550 hadi 600 na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo tuache mahindi, tupande mtama. Watu wamepanda mtama. Sasa mtama nao umekuwa mrefu mno, ufyekwe!

Mwenye kiwanja ana sharti la kukiendeleza ndani ya miezi 36. Kwa nini faini ianzie kwa bibi mwenye jembe?

Dada wa Ng'hong'ona
Kaka, wewe unapita pale mchana. Mimi natoka kazini saa tatu usiku, bodaboda ananishusha barabarani maana njia ya ndani ni mbovu. Kuanzia Februari njia yote ni mahindi kushoto, mahindi kulia, taa hakuna. Mwaka jana rafiki yangu aliporwa simu na pochi. Kibaka alitokea kwenye mabua, akarudi humo humo, hata sura yake hakuna aliyeiona. Kunde na mlenda sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni bua.

Mzee wa Chang'ombe
Pole sana binti, na rafiki yako mpe pole. Ila vibaka wa mji huu hawana msimu. Mwezi wa sita mabua yameshakatwa, mbuzi wamemaliza yaliyobaki, na watu wanaporwa vilevile kwenye mapagale. Mbona sijasikia mapagale yakiitiwa mkutano? Pagale lina mwenye hati na mwenye fedha. Mtama ni wa bibi.

Mtumishi, Kisasa
Mimi nimehamia huku na ofisi, na kusema kweli naona aibu. Hili ni jiji tangu 2018. Mgeni anashuka kwenye treni ya mwendokasi kutoka Dar, anapanda bajaji, anapitishwa katikati ya mashamba mpaka hotelini.

Mleta mada
Mkuu wa Kisasa, mgeni huyo huyo Jumamosi mnampeleka mnadani Msalato kula nyama ya mbuzi na mnapiga naye picha. Mbuzi kalishwa wapi, hotelini?

Mstaafu wa idara ya afya
Nizungumzie mbu tu, hayo mengine yana wenyewe. Mbu hazaliani kwenye jani la hindi. Anataka maji yaliyotuama, na kwenye viwanja vyetu maji hayo yako kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, kwenye matairi na kwenye ndoo zilizotupwa. Lakini wanaotetea mahindi msishangilie mapema. Kuna utafiti wa Ethiopia uliochapishwa 2000, ulionyesha kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria vinakua upesi na vinapona kwa wingi zaidi vikila chavua ya mahindi inayodondokea kwenye madimbwi. Kwa hiyo hindi linalochanua kando ya dimbwi lina kesi ya kujibu. Anayelima kiwanja afukie na mashimo yake. Mkifyeka mahindi mkaacha mashimo, mbu mtabaki nao.

Mwenye kiwanja, yuko Dar
Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Sijajenga kwa sababu hela haijatimia, wala singoji bei. Kodi ya ardhi nalipa. Jirani aliniomba alime, nikamruhusu kwa mdomo. Nilipoleta fundi achimbe msingi, akaniambia nisubiri avune. Nikasubiri. Kabla fundi hajarudi, kumbe kapanda mihogo, akadai fidia na akanipeleka kwa mtendaji. Tulikaa vikao, mwisho nikamlipa ili mambo yaishe. Mihogo yenyewe sikuionja. Ndiyo maana wengine tunaona bora kiwanja kiote majani. Mtaa ukinipa karatasi yenye mhuri, imeandikwa huyu analima msimu mmoja, mazao ya muda mfupi tu, mwezi wa saba anakabidhi na hana dai, nitamwachia bure na jembe namnunulia.

Msoma sheria
Kuongezea: kilimo mjini chenyewe si haramu. Kanuni za 1992 zilimruhusu mtu kulima mjini mpaka ekari tatu, mradi asilete kero. Hili la urefu huwa linatokana na sheria ndogo za halmashauri, na sheria ndogo wananchi wanaweza kuomba ibadilishwe.

Mkulima wa Hombolo
Mnabishana kama vile mtama wote una kimo kimoja. Ule wa kienyeji unapita kichwa, kweli. Mbegu ya Macia ni fupi, hauzidi sana kifua cha mtu mzima, na kwa miezi minne hivi umeshakomaa. Huku kwetu kuna kituo cha utafiti wa mtama, waulizeni. Ubaya wake ni ndege. Macia ni mweupe, hauna uchungu, kwelea kwelea wakiujua wanaumaliza. Shambani tunaweka watoto wapige debe tangu alfajiri. Huko mjini sijui mtawaeleza nini majirani wanaolala mpaka saa mbili.

Mleta mada
Mzee wa mbegu, umenifungua macho kwa hiyo Macia, nitamtafutia bibi. Dada, nikirudi mkutanoni nitapendekeza hivi: mita tano kila upande wa njia ipandwe karanga, kunde au maboga tu, na mtama mfupi ukae katikati ya kiwanja. Karatasi ya mwenye kiwanja naichukua kama ilivyo. Faini ibaki kwa atakayevunja.

Dada wa Ng'hong'ona
Mita tano nakubali, ila atapima nani? Bibi akisogeza mstari mpaka njiani, atakayemfuata ni mimi saa tatu usiku na pochi yangu mkononi? Taja mjumbe gani atapita kukagua mwezi wa kwanza, mimea ikiwa bado michanga na kung'oa ni rahisi. Na taa moja pale kwenye kona, hata ya sola, tuchangishane. Msipoyaandika hayo mawili kwenye muhtasari, mkutano ujao nanyoosha mkono upande wa kufyeka.