Mzee ana saratani ya puru (mwisho wa utumbo mpana), upasuaji ni Alhamisi ijayo. Tukubali au tutafute bingwa mwenye uzoefu nayo?

Kijana_wa_Pangani:
Wakuu, salaam. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, mnisamehe nikirukaruka.

Baba ana miaka 63, ni fundi majahazi. Damu chooni ilianza Ramadhani ya mwaka jana. Zahanati ya kwanza wakasema bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Ya pili, bawasiri tena. Miezi minane hakuna hata mmoja aliyevaa glavu akampima kwa kidole. Mwezi uliopita daktari mmoja kijana akampima, akagusa uvimbe hapo hapo. Kinyama kikachukuliwa: saratani ya puru, sentimita 7 kutoka mlango wa haja kubwa. Picha ya CT inaonyesha haijasambaa.

Hapa tulipo wamempangia upasuaji Alhamisi ijayo. Daktari ni mtu mwema sana, ila anafanya kila kitu: ngiri, kidole tumbo, majeruhi wa bodaboda. Shemeji yangu wa Dar anasema tusithubutu. Mama analia, anasema kila siku inayopita ugonjwa unakula. Mzee kasema neno moja tu: "Nikatwe nirudi kwenye jahazi langu." Je, mkono wa daktari unaleta tofauti kubwa kiasi cha kuahirisha?

Mama_Thieta:
Pole sana mwanangu. Nimesimama chumba cha upasuaji miaka 22, nakujibu kwa kirefu.

Puru imefunikwa na mafuta, na ndani ya mafuta hayo ndimo zilimo tezi ambako saratani hukimbilia kwanza. Mafuta hayo yana utando wake. Umeshaona mchinjaji hodari akichuna mbuzi? Anafuata ule utando mweupe, ngozi inatoka safi bila nyama. Asiyezoea, kisu kinazama ndani. Upasuaji wa puru ni hivyo hivyo: ukiufuata utando, unatoa kifurushi kizima kikiwa kimefungwa. Ukikitoboa au kukiacha nusu, umeacha mbegu. Na yote hayo yanafanyika chini kabisa ya nyonga, mahali pembamba, hasa kwa mwanaume, huku pembeni kukiwa na mishipa ya fahamu ya mkojo na ya nguvu za kiume.

Aliyeliweka hili wazi ni daktari Mwingereza, Bill Heald wa Basingstoke, mwaka 1982. Miaka ya 1990 alikwenda Stockholm kuwafundisha madaktari wa kule, akipasua nao. Zamani kwao, wagonjwa 15 katika 100 saratani ilirudi pale pale kwenye nyonga ndani ya miaka miwili. Baada ya mafunzo wakabaki 6. Waliokuwa wakibaki na mfuko wa kinyesi uliobandikwa tumboni maisha yao yote walikuwa zaidi ya nusu, wakashuka hadi 27 katika 100. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni mikono. Kwa hiyo ndiyo, mkono una tofauti, na kwenye puru ni kubwa.

Mtoto_wa_Mwisho:
Mkuu, MRI ya nyonga, ile picha ya mashine ya sumaku, amepiga? Usikubali kisu kabla ya hiyo. CT haionyeshi vizuri uvimbe umebakiza nafasi gani kufika ukingo wa ule utando anaousema mama hapo juu. Ikiwa umekaribia, wanaanza na mionzi na dawa ili usinyae, ndipo wapasue. Waholanzi walitoa utafiti mwaka 2001: hata waliopasuliwa vizuri, waliotangulizwa mionzi ya siku tano saratani iliwarudia pale pale 2.4 katika 100 ndani ya miaka miwili, wasiopata 8.2.

Mama yangu alipasuliwa haraka haraka, bila MRI, bila mionzi. Tulishangilia. Baada ya mwaka na nusu akaanza maumivu ya kukaa, ikawa imerudi. Nilipoitoa ripoti yake ya maabara ilikuwa mistari mitatu: haikusema kingo zilikuwa safi au la, wala tezi ngapi zilihesabiwa. Inatakiwa zipatikane angalau 12. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo.

Kaka_Mkubwa_Tz:
Naunga mkono, ila kwa tahadhari. Jina kubwa au hospitali kubwa peke yake isikupumbaze. Muulize daktari mwenyewe, kwa adabu: "Daktari, kwa mwaka unapasua wagonjwa wangapi wa puru? Kesi inajadiliwa na watu wa mionzi kabla?" Daktari mzuri hakasiriki. Na mwambie mama kwamba uvimbe huu haukukua kwa wiki moja. Wiki mbili tatu za kujipanga vizuri si kupoteza muda. Miezi ndiyo ya kuogopa. Isipokuwa tumbo likivimba na choo kikaziba, hapo ni dharura, msisafiri.

Bi_Mwanahamisi:
Mumuandae mzee kuhusu mfuko. Inawezekana apate wa muda tu, ili maunganisho ya utumbo yapone. Kabla ya upasuaji aombeni achorewe alama tumboni akiwa amekaa na amesimama, mkanda wa suruali usije ukapita juu yake. Mjomba wangu alichorewa amelala, kikoi kilimsumbua miaka. Habari za swala na udhu mkae na shekhe mapema. Mjomba anaswali msikitini kama kawaida.

Kijana_wa_Pangani:
Nimerudi wakuu. Leo asubuhi nilimsubiri daktari mlangoni, shikamoo, nikamuuliza kama mlivyonifundisha. Alinyamaza kidogo, akanishika bega: "Mwaka jana nilifanya wawili. Angekuwa baba yangu ningempeleka." Hapo hapo akaandika rufaa ya Muhimbili, akampigia mwenzake anayefanya kazi hiyo kila wiki. MRI ni Jumanne, kisha kesi itajadiliwa pamoja na Ocean Road, hospitali ya saratani, kuhusu mionzi.

Mama nimemsomea maneno ya Mama Thieta ya mbuzi. Akafuta machozi, akaenda kufunga begi. Mzee ameuliza kama Muhimbili wanaruhusu mtu kuja na randa yake, ashike tu mkononi. Nimeiweka chini ya kanzu. Tunaondoka na basi la saa kumi na mbili.