Kinda wa kasuku: gole halijashuka tangu jana usiku

Mpemba wa Maskati
Asalaam alaykum. Nina kinda wa kasuku wa kijivu, huku Waarabu wanamwita kasko. Yupo wiki ya sita, kazaliwa kwa mfugaji, karatasi zake ninazo. Namlisha uji wa unga wa makinda kwa bomba la sindano. Jana saa tatu usiku alikula vizuri, kichwa kinakwenda juu chini kama yumo kwenye dhikiri. Leo asubuhi gole, kile kifuko cha chakula shingoni, bado limejaa, ukiligusa kama puto la maji. Bibi anasema nimpe maziwa ya ng'ombe kidogo "yamsukume". Nimpe?

Bi Kasuku
Waalaykum salaam mwanangu. Maziwa usimpe, bibi atuwie radhi. Tumbo la ndege haliyawezi. Na usimwongezee uji juu ya ule wa jana, utachachia humo humo. Uji ulikuwa na joto gani? Ukishuka chini ya nyuzi 38, gole linazembea. Ukipita 43, unamuunguza.

Hili la kuunguza nalijua. Wangu wa kwanza nilimpashia uji kwenye maikrowevu, nikauonja juu, vuguvugu. Kumbe katikati unachoma. Siku kadhaa baadaye nikaona kifua kimelowa: gole limetoboka, uji unachuruzika kwenye manyoya. Siku hizi nakoroga kwanza, halafu natia kipimajoto. Kikisoma 39 mpaka 41, namlisha.

Mpemba wa Maskati
Nilipima, 40. Mdomo haunuki. Labda baridi? Kiyoyozi kilikesha kwenye 20.

Bi Kasuku
Ishirini! Na huyo bado ana vinyoya vya miiba! Mtie kwenye boksi, chupa ya maji ya moto uifunge taulo, upande mmoja tu ili akizidiwa na joto asogee. Ndani iwe nyuzi 28 hivi. Gole usilikamue, uji utapanda apaliwe. Lisiposhuka mpaka adhuhuri, daktari wa ndege leo hii, si kesho.

Baba Ndege
Na ukianza tena kumlisha, bomba liingie upande wake wa kushoto, lielekee kulia. Mpime kila asubuhi kabla hajala. Mizani ya jikoni yatosha.

Mpemba wa Maskati
Saa sita na nusu. Limeshuka zaidi ya nusu, na kanzu yangu ya Ijumaa ameshaichafua. Bibi anasema ni dua yake.