Naomba ushauri: Weber 32/36 DGV kwenye 4K, hapa Mbeya inachoma mafuta mengi

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaozijua kabureta za Weber.

Gari ni Corolla KE70, injini 4K (cc 1290), silinda hedi imechongwa, kemshafti imebadilishwa, ekzosi ya mabomba manne. Kabureta hii ina koo mbili: upande wa kwanza hufunguka mapema, wa pili ukikanyaga zaidi. Jeti kuu (kitundu cha kupitishia petroli, namba ni ukubwa wake) ni 140 pande zote mbili, jeti ya sailensa (ya injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) upande wa kwanza ni 60.

Plagi zinatoka nyeusi, masizi makavu. Kwa skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, injini inatulia ikiwa imefunguliwa nusu mzunguko tu, wakati inatakiwa iwe kama mmoja na nusu hadi miwili. Kwangu hiyo ni dalili kwamba jeti ya sailensa ni kubwa. Kupanda Isyonje kutoka Uyole inakosa nguvu, moshi mweusi. Floti haivuji, choki inafunguka yote, gaskiti ya manifoldi haipitishi hewa, taiming iko sawa.

Mwinuko wetu ni kama mita 1,700, hewa nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi hewa. Nafikiria kushuka 50 kwenye sailensa na 135 kwenye jeti kuu ya upande wa kwanza. Je, upande wa pili niuguse sasa, au nisome plagi (niangalie rangi yake) kwanza? Tafadhali msinishauri kuziba jeti kwa risasi na kuitoboa upya, tundu likitoka dogo mno injini itaungua.