Nimeriseti spektromita, mistari ya hidrojeni imehama

fundi_mwanga: Habari wakuu. Programu ya spektromita (kifaa cha kupima urefu wa mawimbi ya mwanga) iliganda, nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Sasa taa ya hidrojeni inanipa 656.46, 486.27 na 434.17 nm, wakati zamani nilipata 656.28, 486.13 na 434.05. Mistari (rangi mahususi za mwanga wa taa) ni myembamba vilevile. Kalibresheni (urekebishaji wa vipimo) imefutika? Nifungue boksi nirekebishe vioo?

msoma_spektra: Usiguse vioo, mkuu! Gawanya kila namba mpya kwa ya zamani: zote tatu zinatoa 1.00028 hivi. Kioo kilichosogea hakina adabu kiasi hicho. Hapo ni suala la hewa tu. Mwanga hupungua kasi kidogo hewani, na wimbi linafupika kwa kiwango hichohicho. Riseti imeipeleka programu kwenye vipimo vya ombwe, yaani mahali pasipo na hewa. Tafuta palipoandikwa hewa/ombwe, uchague hewa.

bibi_maabara: Naam. Majedwali ya NIST (taasisi ya viwango vya vipimo ya Marekani) nayo kwa kawaida hutoa vipimo vya hewa kati ya 200 na 2000 nm, kwa hiyo linganisha hewa kwa hewa. Kisha hakiki kwa taa ya zebaki: 435.83 na 546.07. Vaa miwani ya kuzuia urujuanimno. Na mrija wa hidrojeni usiuchomoe ukiwa na moto! Zima, toa plagi, uache upoe. Huko ni maelfu ya volti.

fundi_mwanga: Ilikuwa hiyohiyo, 656.28 imerudi. Vigawo vya kalibresheni (namba ambazo programu hutumia kurekebisha vipimo) nimeshavinakili pembeni. Kesho naweka zebaki.